Jirani wa Ng'ambo ya Bonde

Mjukuu wangu Neema,

Huku mtaani kwetu Black Rock tuko wazima, Mungu yupo. Mama yako mdogo amepata kazi ya mchana, anacheka tena. Bon, umeniuliza kama inatosha ukurasa wa mji wenu mtandaoni kufuta maneno ya yule aliyekuandikia "Rudini kwenu!" chini ya picha ya waanzilishi wa mji waliohamia hapo na mikokoteni yao.

Tulipohamia kilima kipya kule Kivu, nikiwa msichana, tulichota maji ya matope. Jirani akatupigia kelele hivyo hivyo kutoka ng'ambo ya bonde. Mama akamjibu, "Njoo unywe maziwa kwanza!" Akaja amenuna, akanywa. Kesho yake akatuonyesha chemchemi.

Sheria yenu ya kufuta maneno mabaya ni nzuri. Lakini jirani yetu angefutwa siku ile, tungeendelea kunywa matope.

Bibi yako