Barafu ya Mlimani Niliichota Lamadi

Mama Generoza, shikamoo, naomba unisaidie haraka, na naomba pia barua hii usiichape, unijibu kwa posta tu, sababu hapa Bariadi gazeti lako linasomwa mpaka kwenye mizani ya pamba na mimi ni mtu ninayejulikana, ni ningi, yaani kiongozi wa ngoma, upande wa chama cha Bagalu.

Nina rafiki, nimwite Zengo ingawa si jina lake, tulichunga pamoja na kulima pamoja, isipokuwa yeye ni ningi wa Bagika, na unajua mwenyewe Bagalu na Bagika wakikutana uwanjani baada ya mavuno kila upande unatafuta kitu cha kuvuta watu, huyu anacheza na nyoka, yule na fisi, na upande utakaokimbiwa na watazamaji ndio umeshindwa. Sasa nyoka watu wamewachoka. Ndipo Constantine, aliyekuwa fundi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba kabla hakijafungwa, akahamia Moshi kupandisha watalii, alipokuja kutusalimia akatuambia juu ya Kilimanjaro kuna barafu kubwa kuliko nyumba na inakaa hapo mwaka mzima. Tukatazamana. Tukakubaliana mwaka jana tukishauza pamba kwa hawa wanunuzi binafsi twende wote wawili, Constantine atupandishe, kila mmoja na chupa yake ya chai, kila mmoja ailetee ngoma yake barafu, halafu watu waamue.

Mama, ule mlima si mchezo. Siku ya tatu Zengo alianza kukohoa, ya nne tukaondoka kambi ya mwisho kabla hakujapambazuka, na tulipofika kwenye pango, mahali ambapo ukipanda hatua moja mchanga unakurudisha nusu, akakaa chini, akawa anatoa povu lenye damu na kuniita kwa jina la marehemu kaka yake. Msaidizi wa Constantine akamshika kumteremsha, na Zengo kabla ya kuondoka akili ikamrudi kidogo, akavua glavu zake akanipa, maana mimi mikononi nilivaa soksi, akanipa na chupa yake, akasema, "Nijazie na yangu." Nikapanda na Constantine. Jua likatoka nikaiona barafu kwa macho yangu, ukuta mweupe kule juu, na miguu ikakataa kabisa. Nilikaa kwenye jiwe nikalia. Constantine akanisubiri, akasema leo basi, turudi, tukarudi. Barafu sikuigusa.

Wakati wa kuteremka nikaona aibu ya kufika na chupa mbili tupu, nikaipigiza ya Zengo kwenye jiwe, kioo cha ndani kikavunjika, nikamkuta kambini amelala nikamwambia nilizijaza zote mbili ila yako ilinidondoka. Akaniambia usijali, wewe si umefika. Yangu nikamkataza asiifungue, nikasema itayeyuka. Constantine alikuwepo na alisikia, akaendelea kufunga mizigo, na mimi sikumwangalia.

Tulirudi na basi linalokatiza mbuga ya Serengeti, tukashuka Lamadi kubadilisha gari, Zengo akajilaza kwenye benchi la mama lishe akikohoa, mimi nikasema nakwenda kunawa uso. Kulikuwa na lori la sangara linaelekea kiwandani Mwanza. Dereva alinipa barafu bure, hata hakuniuliza ya nini.

Kesho yake kwenye mashindano ya ngoma kule Mwandoya nilifungua chupa na uwanja mzima ukahamia kwangu, wanawake wanaishika wanapiga vigelegele, mzee mmoja akalamba akasema mbona inanuka samaki, watu wakamcheka. Nikatunga wimbo pale pale, "Mmoja kaleta barafu, mmoja kaleta kikohozi," na wimbo huo haujafa hadi leo, Milembe mke wa Zengo anaukuta kisimani.

Sasa pamba imeuzwa tena na Zengo ameuza maksai wake wawili anarudi mlimani, anaondoka Jumatatu, si hii ijayo, ile inayofuata. Amepata mpandisha watalii mwingine asiyetujua kabisa, watapita upande wa magharibi kwenye barafu yenyewe, kwa kamba na viatu vyenye meno ya chuma, ili isisemwe kwamba alifuata njia yangu. Daktari wa Maswa alimwambia mapafu yake yalijaa maji, asipande tena juu kiasi kile. Nilipomkumbusha akanijibu, "Wewe ulifika, na tangu tunachunga mbio nakushinda. Mimi nitashindwaje?"

Nikisema kweli nimekwisha, Bagalu watanivua uningi. Nikinyamaza silali. Je, haiwezekani nikamzuia kwa njia nyingine, labda nimwandikie barua isiyo na jina?

Mimi, Mwenye Chupa, Bariadi.

MAMA GENEROZA ANAJIBU

Mwenye Chupa, marahaba. Barua yako nimeichapa. Kama siri yako ingekuwa mwanamke wa nje ningekujibu kwa posta kama ulivyotaka, lakini hii ina mtu ndani yake na ina tarehe ya safari. Jibu hili nimeliandika kwa mkono nikampa kondakta wa basi la Bariadi Jumanne, na najua limekufikia. Gazeti linafika Ijumaa. Zengo anaondoka Jumatatu. Kwa hiyo nimekupa siku za kutosha kuwa mwanaume kabla watu hawajakusoma. Jina lako nimelificha, ila usijidanganye, ukishatajwa ule wimbo hapo Bariadi hakuna atakayeuliza ni nani.

Pole kwanza, ng'wanawane, mwanangu. Kulia kwenye jiwe si kosa, na kurudi pia si kosa, ndivyo ulivyopaswa kufanya, na huyo Constantine nampa heko. Makosa uliyaanza wakati wa kuteremka, mikono ikiwa na joto ndani ya glavu za mwenzako. Hukuniambia kama ulizirudisha. Nadhani bado unazo.

Barua isiyo na jina ni upuuzi. Zengo ataona ni Bagalu wanamtisha asiwashinde, atapanda kwa hasira zaidi. Usimtume mzee, usimtume Milembe, na habari ya daktari usiirudie, ameshaisikia na haikumsaidia. Kinachompandisha ni wewe. Anaamini mtu ambaye yeye humshinda mbio alifika, basi naye lazima afike. Mwondolee hiyo imani, safari inakufa yenyewe.

Nenda kwake mchana, peke yako, na hizo glavu. Milembe awepo, maana wimbo aliusikia yeye. Usianze na "nisamehe," utajizungusha hapo mpaka jioni. Anza na lori la sangara. Kisha sema ya chupa yake, kwamba haikudondoka, uliivunja. Hiyo ndiyo itakayomuuma kuliko zote, kwa sababu mwenyewe alikwambia usijali. Akikuzaba kofi, pokea. Akikufukuza, kaa nje ya uzio mpaka atoke. Bado anataka kwenda? Mshike mkono mwende wote kwa yule daktari wa Maswa, na safari hii wewe ndiye umsikilizishe.

Halafu kuna wimbo. Ulimtungia mwenzako wa kumdhalilisha pale pale, hujamaliza hata kufunga kifuniko cha chupa, kwa hiyo usiniambie huna maneno. Kwenye ngoma ijayo, kabla ngoma ya kwanza haijapigwa, uimbe kwamba mlipanda wawili, mkarudi wawili, na barafu hakuna aliyeleta. Yule mzee aliyenusa samaki mwiteni mbele, alikuwa mtu pekee mwenye akili uwanjani siku ile.

Unauliza uningi wako. Huenda wakakuvua. Uwanja wote utakukimbia kama ulivyomkimbia Zengo pale Mwandoya, utabaki na ngoma yako na vumbi, na utaumia. Watahamia upande wake. Waache wahamie, ili mradi wakifika wamkute yupo.