Tochi ya Baba

Salha, nimejificha chumbani. Usipige, nitalia. Soma tu.

Kina baba mdogo wanataka picha ya baba ya kuweka juu ya jeneza kesho. Unamjua, hakupenda kamera. Nikawaambia ninayo! Ile ya kule kijijini Zuzu. Nilikuwa napiga picha usiku, ile galaksi yangu ya nyota angani, akaja na tochi kuniletea chai, akajimulika usoni mbele ya kamera, anacheka.

Salha, sina. SINA.

Picha zenye tochi nilizifuta mwenyewe. Galaksi unaipata kwa kuunganisha picha nyingi ziwe moja, na zilizoingiwa na mwanga unazitupa. Tena nilimfokea, "Baba, zima tochi, unaniharibia!" Akazima. Akanijibu gizani, "Haya mwanangu, chai iko hapo miguuni pako."

Nimetafuta kompyuta nzima. Hakuna.

Mama kaingia sasa hivi. Nikamweleza yote, nikamwonyesha galaksi, imetoka safi kabisa. Akaiangalia weee. Akauliza, "Hilda, baba yako alisimama upande gani?"

Nikamwonyesha kwenye giza, pembeni. Akapagusa kwa kidole.

Naandika hivi, bado hajakitoa.