Nyumba ya Bibi Haimo Kwenye Ramani

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Tangu juzi nasikia kishindo cha Bibi akishindilia udongo juu ya paa la tembe lake hapo Mwankoko, du, du, du, kama afanyavyo kila mvua zinapokaribia. Huku Uholanzi hakuna anayeshindilia paa, lakini nakisikia. Mnaendeleaje? Goti lako je? Mbegu za alizeti zimepatikana? Mimi ni mzima, ila baridi na mawazo vinanichosha.

Mama, kazi yangu ya chuo unaijua: natumia picha za setilaiti kupima jinsi miji midogo kama Singida inavyotanuka na kumeza mashamba. Ramani ilikamilika, mwalimu wangu akaisifu, na watu wa mipango miji huko nyumbani wakaiomba iwasaidie kutafuta pa kupima viwanja vipya. Kwa furaha nikatafuta kwetu. Bati la nyumba yako lilionekana. Kwa Bibi palikuwa patupu. Kwa majirani zake wote wenye matembe, patupu: ardhi wazi, isiyo na mtu.

Tuliifundisha kompyuta kwamba nyumba ni bati linalong'aa. Paa la udongo ikalidhani shamba lililolimwa. Na mimi niliyezaliwa chini ya paa hilo sikulikumbuka.

Nilipompigia Bibi, alicheka hadi akakohoa.

"Mke mwenzangu! Kumbe hicho chombo chenu nacho kinapenda wenye mabati!"

Kisha akauliza taratibu, "Sasa hao wa viwanja wakija na karatasi yako, niwaambie mimi naishi wapi?"

Kesho yake nikamweleza mwalimu wangu, Mama.

Mwalimu anasema kila ramani ina makosa yake, nihitimu kwanza. Ningependa kumsikiliza. Najua umeshawashonea shangazi zangu vitenge vya sare kwa sherehe yangu, na umewatangazia majirani. Nikifikiri utakavyowaeleza, machozi yananitoka. Nisamehe.

Nisalimie Baba, na shangazi mkubwa anayemchotea Bibi maji, na mdogo wangu aliye kidato cha nne. Mwambie asome, asiniulize habari ya simu aliyoniomba.

Jana asubuhi niliiondoa ramani chuoni, nikawaandikia na wale wa mipango miji wasiitumie. Kuirekebisha kunataka mtu apite kwa miguu, nyumba kwa nyumba. Mwaka huu sihitimu.

Mwanao akupendaye,
Neema