Manukato Yanayosubiri Jibu Langu

Aber mwanangu,

Chupa ilifika salama. Iko juu ya kabati la vyombo tangu wiki iliyopita, na kila ukipiga simu kuniuliza nakujibu, "Bado naisikiliza." Juzi ukanicheka: "Mama, kwani hiyo ni redio?" Nimeamua kukuandikia kwa sababu kwenye simu ungeisikia sauti yangu ikibadilika, halafu tungelia wote wawili bila kuelewana.

Uliponiambia umepata kazi Ufaransa katika "nyumba ya manukato", nilikuuliza kama mnalala humo humo. Ulicheka mpaka ukakohoa. Baadaye ulinieleza taratibu, nami nikawapenda hao watu bila kuwaona. Kwamba ni familia moja tu, katika mji mdogo wa vilimani, na bibi aliyeanzisha kazi hiyo alikuwa akiwatengenezea majirani zake, kila mtu ya kwake. Kwamba hadi leo wajukuu zake hawaweki chupa mpya dukani mpaka mtu aliyekusudiwa, au aliyeishi naye, ainuse kwanza na kusema, "Ndiye." Hawana matangazo barabarani. Na katika kila manukato huacha kitu kimoja kibaya kwa makusudi, kwa kuwa hakuna mtu aliye mzuri mtupu. Hapo nilikuambia hao Wazungu wana akili, maana mimi nimeolewa, najua.

Kisha ukaniletea habari yenyewe. Umetunga manukato yako ya kwanza, wakubwa wako wameyapenda, kimebaki kitu kimoja. "Ni ya nyumbani, mama. Sikuambii zaidi. Nusa tu, uniambie ni nani." Nisikufiche, nilijivuna. Nilidhani ni mimi.

Wewe na harufu mmeanza zamani. Hadithi uliyokuwa ukiidai kila mara baba yako akiwa likizo ni ile ya mtaa wa Kansanga, kwenye duka la dobi nilikofanya kazi nilipokuja huku kutoka kwetu Voi. Aliingia na magwanda yake ya jeshi ya kufuliwa, akaniangalia, akasema, "Dada, wewe unanuka sana." Nilimrushia magwanda yake mpaka nje. Kesho yake akarudi na Mkenya mmoja wa kumtetea, naye akanieleza kwamba Kiswahili chao cha kambini hakina kunukia, kina kunuka tu, na kwamba huyu bwana alikuwa ananisifu. Baba yako alisimama pale ameshika bereti yake, anatikisa kichwa kukubali kila neno. Wewe ukamrithi. Kanisani ulimwambia mwalimu wako mbele ya watu wote, "Ticha, unanuka kama mama yangu," nami nikatamani benchi linimeze.

Na zile Jumapili za kushuka ziwani Luzira! Anakupandisha mabegani, anakufunika macho kwa bereti, anatembea kwa kona kona ili akupoteze. "Sasa tuko wapi?" Unanyoosha pua. "Samaki wa kukaanga." Hatua chache tena: "Wanapika pombe." Halafu dizeli ya meli, unapiga kelele, "Bandarini!" Hukukosea. Mimi nilikuwa nyuma nimebeba viatu vyako, nikiwaza kwamba pua hiyo itamsaidia nini mtoto wa askari. Sasa naona imekusaidia, na imekupeleka mbali nami.

Aber, mimi sisikii harufu. Ile homa iliyonilaza mwaka jana ilipoondoka iliondoka nayo. Niligundua siku maharage yalipoungua jikoni nami nimekaa hapo hapo kando ya jiko nachambua mchele, mpaka majirani wakaja mbio wakidhani nyumba inawaka. Daktari alisema huenda itarudi. Nilikuwa naingoja irudi ndipo nikuhadithie kama kichekesho. Haijarudi. Chupa yako nimeifungua asubuhi, nimeifungua jioni, nimejipaka mkononi, shingoni, hata puani kwenyewe mpaka ikaniwasha. Ni kama nanusa maji.

Jana nikamwita Mama Odong. Unamkumbuka, yule mjane wa sajini aliyekuwa akikuficha ukivunja vikombe vyangu. Nilimwambia mtoto ametuma kitu, kinuse uniambie. Nilikuwa nimejiandaa kusikia sifa zangu: sabuni yangu, iliki ya chai yangu. Akainusa, akakunja uso.

"Mama Aber, hii kitu inanuka."

"Unamaanisha inanukia."

"Hapana. Mimi najua unasema nini. Kwanza inanuka. Halafu..." Akanusa tena, akakaa kitini bila kukaribishwa. "Eh! Hii ni Afande."

"Afande gani?"

"Afande gani tena? Bwana yako! Yeye iko hapa kabisa. Ile rangi ya viatu. Ile mafuta ya yaa ya kwetu, ile wewe unasemaga apakie inje. Na nguo ya pasi ya makaa. Yeye nakuja nyumbani namna hii, Mama Aber. Namna hii kabisa."

Akaanza kulia. Mimi sikulia. Nilimnyang'anya ile chupa nikavuta pumzi mpaka kifua kikauma, na hakukuwa na kitu. Jirani yangu amekaa na mume wangu, hapa Mbuya, kwenye kiti changu, na mimi niko nje ya mlango.

Yale mafuta ya yaa, ya mbegu za mti wa kwao, nilimfukuza nayo miaka yote. "Kapakie nje, nyumba nzima inanuka mbuzi." Naye alitoka barazani akajipaka magoti akiimba, anajua nitamwita chakula kikiiva. Alipofariki niliyafua mashati yake yote kwa wiki moja, kwa sababu watu waliniambia nisikae na kilio sandukuni. Sikujua kwamba wewe ulikuwa umemhifadhi wote, pamoja na ubaya wake, ukavuka naye bahari.

Nimekaa na hasira tangu jana, mwanangu. Si kwako, au labda kidogo kwako. Nikisema ndiyo, atawekwa dukani. Watu wasiomjua, wasiowahi kumpikia, watanunua wajipake baba yako waende naye kazini na harusini, na mimi ndiye pekee nisiyempata. Nilishaandika hapana. Nikaichana ile karatasi, nikaandika tena hapana.

Lakini nimekuwa mke wa askari. Begi lake nililifunga mimi mwenyewe kila walipomwita, nikamsindikiza getini akaenda kwa watu nisiowajua, mahali nisipoambiwa jina, na hakuna siku niliyomwambia asiende. Sitaanza leo, na sitaanza kwa kazi ya mikono yako.

Basi waeleze hao wajukuu ukweli wote. Waambie mama yako pua yake imekufa, ila mwanamke aliyeishi mlango wa pili na baba yako alimtambua kabla sijamwambia chochote, akamlilia. Kama ushahidi wa jirani unatosha kwao, maana bibi yao mwenyewe alianza na majirani, jibu langu ni hili: ndiye.

Yeye mwache aende. Ila wewe njoo nyumbani.

Mimi mama yako,
ninayekusubiri Mbuya.