Kimo cha Nguzo ya Darubini

Jumatatu, 1 Agosti 1983
Mwezi wa tano tangu niondoke nyumbani Kiomboi. Karatu baridi, ukungu mpaka saa nne. Tumechimba msingi nyuma ya nyumba ya Daktari, Mzungu tunayemfanyia kazi. Anataka nguzo ya mawe, juu yake afunge darubini ya kutazamia nyota. Tluway, mwenzangu kwenye zege, anauliza kama tunajenga nguzo au kaburi la mtu mwembamba. Mgongo unauma.

Jumatano, 3 Agosti
Nguzo imefika kidevuni. Tuliijaribu kwa ubao wenye urefu wa darubini. Ukielekea mlima Oldeani, mwisho wake wa kutazamia uko machoni. Ukielekea juu, mwisho unashuka, mtu apige magoti ndipo aone. Nilipima kwa mlima, nyota ziko utosini. Kosa langu.

Alhamisi, 4 Agosti
Daktari alimkalisha mkewe kwenye kiti. Akaniambia niinue ubao mpaka ufike jichoni pake. "Asiumie shingo," alisema. Nikaushikilia hapo. Yeye alikuwa anamsogezea mkewe kiti, polepole. Niliona wivu.

Ijumaa, 5 Agosti
Lori la vitunguu lilisimama sokoni. Utingo wake ni Mkumbo, wa kwetu.
"Kaka, kwako kumependeza. Kitundu mdogo wako amemjengea shemeji jiko la kuinuka. Anapika amesimama, hainami tena. Wewe wajengee wazungu tu."
Nilicheka naye. Jioni sikula.

Jumapili, 7 Agosti
Sikwenda kanisani. Nawaza jiko. Kitundu alipimaje? Alimsimamisha, akatazama kiwiko chake kinaishia wapi?
Nilikwenda kwenye nguzo kutafuta kimo cha mke wangu. Ananifika begani, au kidevuni? Sikukumbuka. Miaka yote hii ya ndoa.
Namchukia Kitundu. Hajafanya baya lolote. Namchukia.

Jumanne, 9 Agosti
Tumeongeza mawe. Daktari anataka nibaki nimjengee ukuta mpaka Krismasi. Nimekataa. Tluway kasema, "Umerogwa wewe." Nimemwambia kazi hiyo achukue yeye.

Alhamisi, 11 Agosti
Mama, mke wa Daktari, alikaa, akatazama juu, shingo imetulia. Hakuinama, hakujinyoosha. Ni nguzo nzuri, nasema mwenyewe.
Lipu inakauka. Nimefua shati. Sijui nitamwambia nini Kitundu, labda asante, labda nitashindwa.
Basi la kwetu linaondoka Jumamosi. Jumatatu jioni nitakuwa Kiomboi.