Kengele ya Mama Furaha

Jumamosi, 4 Februari. Magarama

Nimefunika cherehani baada ya Alasiri. Nimekata kadi tatu kwenye boksi la sabuni na kuandika kitu kimoja kwenye kila kadi, pamoja na nguvu yake. Naviita vitu vya ajabu. Neno uchawi baba mdogo asilisikie nyumbani kwake.

Wamekuja wote watatu. Idi seremala. Nadia binamu yangu, mwalimu. Mama Furaha, Mkongomani wa Fizi, anayeuza vitenge sokoni. Mimi nasimulia safari ya kubuni, wao ndio wasafiri. Penye hatari dadu inaamua. Mchezo huu niliupata kambini Tanzania, nilikokulia. Kijitabu chake cha sheria kimechanika, kimebaki nusu.

Idi kapata nyundo ya kuvunja kufuli lolote. Nadia kapata joho la kumficha mtu. Mama Furaha dadu imemnyima, kadi ya tatu imebaki kwangu. Wiki ya tano sasa. Idi kaninong'oneza nimpe hata kisu. Nimekataa. Msimulizi akianza kugawa kwa huruma, mchezo umekufa.

Jumatano, 8 Februari

Mama Furaha kaja dukani na kitenge cha kupinda. Nimemaliza, hakuondoka.

"Fundi, mu ile kitabu yako, iko kitu ya kuita mtu alikufa?"

Nikamwambia ipo. Kengele. Inalia mara moja tu, aliyekufa anakuja, anazungumza kidogo, anarudi. Ina nguvu mno, naitunza kwa mwisho wa safari.

"Unipatie mi. Mara moja tu."

"Unataka kumwita nani?"

"Furaha."

Miaka miwili namwita Mama Furaha. Sikuwahi kuuliza Furaha yuko wapi. Alikuwa na miaka minne. Homa, njiani, wakati wanakimbia. Walimzika kabla ya kuvuka mto Rusizi, haraka, watu wakiwa wanaendelea kutembea. Mama hakupata muda wa kumwambia lolote.

Na mimi nikamjibu nini? Nikamweleza sheria za mchezo. Nikasema nitaiweka kengele Jumamosi, na dadu itaamua nani aipate, ili iwe haki kwa wote. Akaitikia kwa kichwa. Akakunja kitenge chake polepole.

Nimeona aibu.

Jumamosi, 11 Februari

Nimefanya kosa kubwa.

Walifika kwenye chumba cha mfalme aliyezikwa na hazina yake. Kengele ilikuwa sandukuni. Kila mmoja akarusha dadu. Mama Furaha alipata tano. Nadia mbili. Idi akarusha mwisho. Sita.

Idi hakujua kitu. Akaruka juu kwa furaha, akachukua kadi, akasema anaipiga hapohapo. Anamwita mfalme amuulize dhahabu kaificha wapi. Nilikuwa na nafasi ya kusema subiri. Sikusema. Nikaigiza sauti nzito ya mfalme. Nadia na Idi wakacheka mpaka machozi.

Mama Furaha akaweka penseli yake chini. Akasema anawahi kupika. Akatuaga mmoja mmoja, kwa heshima, kama mtu anayetoka msibani.

Jumamosi, 18 Februari

Hakuja. Nimewaambia wenzangu ukweli.

Idi akanigeukia. "Ulikuwa unajua? Unajua, na unaniacha mi nafanya mchezo na mtoto wa mtu?"

Nilikuwa nasema haki, haki. Niliogopa tu. Niliogopa kwamba nikimpa, itabidi mimi niwe Furaha.

Nadia kaenda sokoni. Meza ya vitenge ina mtu mwingine. Kaambiwa Mama Furaha kahamia Gasorwe, kwa dada yake aliye kambini.

Jumatatu, 27 Februari. Muyinga

Nimelala kwa dada Zaina. Nimemwambia nimekuja kumwona mteja. Kesho naazima baiskeli ya mume wake niende Gasorwe. Nimeandika kadi nyingine ya kengele, kwa mwandiko mzuri. Sijui kama ni dawa au ni tusi.

Jumanne, 28 Februari. Muyinga

Nilimkuta Mama Furaha anachambua maharage mlangoni. Hakushangaa. Akanipa kigoda na maji.

Nikamwomba msamaha. Nikampa kadi. Akaisoma mara mbili.

"Sasa mi nafanya nini na hii?"

"Piga. Hakuna dadu."

Akaweka ungo chini. Akasema, "Nimepiga."

Nikaanza kusimulia. Nikasema sauti ya kengele inakwenda mpaka mtoni. Nikasema mtoto anakuja, amevaa gauni. "La rangi gani?" nikauliza. "Njano," akasema. Nikasema anakaa karibu yako. Nikavuta pumzi, nikafungua mdomo nizungumze kama mtoto.

Akanishika mkono. "Wacha, fundi. Ile sauti we hauijui."

Kweli. Siijui.

Akazungumza mwenyewe. Alikuwa Furaha, kisha mama, kisha Furaha tena. Sitaandika yote, si yangu. Mtoto aliuliza kwa nini walikwenda bila yeye. Mama akamweleza. Alimweleza vizuri, bila haraka, mpaka mtoto akaridhika. Dada yake aliacha kutwanga, akasimama na mchi mkononi. Mimi nililia waziwazi.

Baadaye nikamuuliza kama atarudi Magarama. Akasema hapana. Akaniuliza Idi anaendeleaje. "Umwambie sina kinyongo naye." Kuhusu mimi hakusema kitu, na sikuthubutu kuuliza. Kadi kaiweka ndani ya Biblia yake.

Njia nzima ya kurudi nimeikokota baiskeli. Sikuweza kupanda.

Jumamosi, 4 Machi. Magarama

Mvua tangu mchana. Idi na Nadia wamekuja. Hatukucheza. Nimempa Idi salamu za Mama Furaha, akainamisha kichwa.

Nadia akauliza, "Kaka, huyo Furaha alikuwa mtoto wa namna gani?"

Nikawaambia niliyoyasikia Gasorwe. Aliogopa kuku. Alipenda ndizi mbivu sana, zile nyeusi. Hakulala bila kushika sikio la mama yake.

Maji ya mvua yalikuwa yanaingia ndani. Nadia akainuka, akafunga dirisha, akarudi kukaa asikie zaidi.