Jino la Upande wa Uzi

2 Aprili

Baba,

Shikamoo. Natumaini kifua kimetulia na cherehani haigombani nawe. Mimi mzima, ila miguu inauma kwa kusimama maabara.

Mashine yetu ya kutafuna inachapa kazi. Tunaipa vipande vya ile plastiki nyeupe niliyokuzibia jino likizo iliyopita, inavisugua kwa chuma na maji mchana kutwa, kisha tunapima vimelika kiasi gani. Vinavumilia mno. Mkuu wangu anataka nisaini ripoti ili kliniki zianze kuwazibia watu.

Mimi nataka kwanza kuona jino lililofanya kazi kinywani mwa mtu. Kwenye kifurushi mna udongo laini wa aina mbili. Uchanganye, ung'ate kwa upande wa kushoto, kwenye jino nililoziba, usubiri ugande na alama yake, unirudishie. Na uzi, bado unakata kwa meno?

Mwanao

20 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Kifua kimetulia, kelele zimebaki kwa mama yako.

Jino lako ni chuma! Mteja alikuja kupunguza suruali, nikamlazimisha kuchungulia kinywa changu kwanza. Alama hiyo hapo. Udongo wako hauna ladha kabisa. Uzi nakata kwa mkasi, kama ulivyoniamuru. Saini, mama, usisitesite.

Babako

3 Mei

Baba,

Shikamoo, na mama mpe salamu zake. Alama imefika. Ni nzuri, ila ni ya upande wa kulia. Jino hilo ni la Mungu, mimi sikuligusa.

Mtu anayepima mikono ya mashati maisha yake yote hakosei kushoto na kulia. Nimekasirika, na pia nimeogopa. Ripoti sijaisaini. Nikisaini uongo, watu watazibwa meno yasiyodumu, na jina litakuwa langu. Niambie ukweli.

Mwanao

14 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima, ila mimi nina aibu.

Umenikamata. Jino la kushoto limelika, lina mfereji pale uzi unapopita, na chai ya moto inanichoma. Mkasi hupotea chini ya vitambaa, meno hayapotei. Nilidhani mkuu wako akijua, kazi yako itaonekana bure. Siku ile unaniziba mkono wako haukutetemeka hata kidogo, na mimi najivunia mkono ule kuliko suti yoyote niliyoshona.

Babako

27 Mei

Baba,

Shikamoo. Hasira zimekwisha, usiwaze.

Mashine yetu haijawahi kukata uzi, wala hakuna aliyefikiria hilo. Mkuu amenuna, lakini amekubali tupime upya. Nitumie uzi wako, ule mgumu wa jinzi. Nakuja likizo kukuziba tena.

Mwanao

9 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Hapa hatujambo. Uzi huo hapo, kibunda kizima. Mkasi mama yako ameufunga kwa utepe, akanivisha shingoni mbele ya wateja, na bado jana nimejikuta na uzi mdomoni. Nimeutema.

Njoo. Safari hii nitafungua kinywa chote.

Babako